Sakitu Juu ya Mabawa

Baada ya vita, ndege kuukuu iliyofundishia marubani wa jeshi iliishia Njombe, mikononi mwa mlowezi mmoja mwenye mashamba ya miti ya miwati. Aliirusha mwenyewe. Mimi, kwa kuwa nilikuwa na sekondari yangu na sikupenda kazi ya mbali na jiko la mke wangu, nikaajiriwa kuitunza: kuchuja petroli kwa ngozi laini isiyopitisha maji, kupaka grisi, kukaza boliti, kutia viraka kwenye mabawa. Mabawa yalikuwa ya kitambaa, kama shati langu, ila shati langu halikutakiwa kupita juu ya mtaa wa Mjimwema.

Fundi mkuu, Mkinga aliyeoa kwetu, alikuja na sharti la jeshini: ndege ikitoka kwenye matengenezo, aliyekaza boliti hupanda nayo safari ya kwanza. Asiyetaka, aache kazi.

Zamu yangu ilifika mwezi wa Julai, safari ya Makambako. Jioni ya kuamkia safari niliogopa sakitu, ule umande unaoganda usiku, nikafunika mabawa kwa magunia yaliyolowa, kama tunavyofunika miche. Asubuhi magunia yalikuwa yameganda juu ya kitambaa, magumu kama mbao.

Fundi aliizunguka ndege. "Shemeji, umelaza ndege au viazi?"

Kuyavuta kungechana mabawa. Kwa huruma kubwa kwa mabawa hayo nikashauri tuahirishe, hata wiki. Fundi akasema jua la Njombe huchelewa tu, halisusi. Akaketi, akanigawia nusu ya kiazi chake cha kuchoma.

Jua likaja. Tukabandua magunia polepole. Hapakuwa na hata mchubuko. Ndipo akaona ninakunja magunia yaleyale kwa mara ya tatu, akashusha sauti.

"Mimi mara ya kwanza nililia, shemeji. Lakini boliti umekaza wewe. Kama kuna unayoitilia shaka, sema, tuikague upya. Hakuna atakayekucheka."

Nilizipitia zote kichwani. Boliti niliziamini, niliyemtilia shaka ni hewa. Nikapanda.

Nchi yetu ni nzuri sana ukiwa juu, nimeambiwa. Mimi niliona kope zangu kwa ndani.

Makambako mlowezi akasema turudi pamoja. Nikamshukuru, nikatafuta lori la kurudi Njombe. Dereva alinionya kwamba breki zake hazina uhakika. Nikapanda juu ya mzigo, nikalala fofofo mpaka nyumbani.