Karata Mgongoni mwa Mkono

Mwezi uliopita nilienda mtaa wa Umoja, Nairobi, kumsalimia shangazi, nikapotea. Mimi, mzaliwa wa pale. Nyumba yetu ya chini imemezwa na ghorofa, na pale ulipokuwa mlango wa jirani yetu sasa kuna kinyozi. Nilisimama nje yake, nikahisi mkono wangu wa kulia ukijikunja mfukoni, vidole vikitafuta karata ambayo haikuwepo.

Ngoja nikusimulie.

Jirani huyo tulimwita Mzee wa Reli, kwa kuwa alifanya kazi reli mpaka macho yakamwishia. Kwao ni magharibi na sisi ni Wakamba, lakini watu wakishiriki ukuta mmoja huwa ndugu wapende wasipende. Wanawe walishinda kazini, kwa hivyo nikitoka shule Nyanya alinituma nikakae naye. Nyanya aliziita karata za mzee Biblia ya shetani. Hata hivyo aliniruhusu, mradi mlango uwe wazi na yeye atuone kutoka jikoni kwake uani, alipokuwa akichochea muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa.

Mzee alinifundisha jambo moja tu. Unaibana karata kingoni kwa kidole cha shahada na cha mwisho, unakunja vidole viwili vya kati nyuma yake, kisha unanyoosha mkono. Kiganja kinaonekana kitupu, kumbe karata imelala mgongoni mwa mkono. Kusema ni rahisi. Kidole changu cha mwisho kilivimba, ngozi ikachanika, hata kufua soksi kukawa adhabu. Nyanya alisema subira huvuta heri. Mimi ilinivutia uvimbe kwanza.

Na hakimu wangu alikuwa kipofu. Aliinamisha shingo, akatega sikio. Karata ikigusa ukucha, alisema ameisikia. Ikikwaruza kidogo tu, ameisikia. Niliapa moyoni kwamba nitaificha asiisikie, kabla wanawe hawajampeleka kwao mashambani, jambo walilolizungumzia kila Jumapili.

Nilifaulu alasiri moja stima ilipopotea na redio zote za mtaa zikanyamaza. Niliificha, nikairudisha, nikaificha tena. Mzee kimya. Nilikaribia kucheka kwa furaha, ndipo nikaona mikono yake ikipapasa hewani mbele yangu, na uso wake umekuwa wa mtoto aliyeachwa na mamake sokoni Muthurwa.

"Mjukuu, umeenda?"

"Niko hapa, Babu."

Alinishika mkono. Wake ulikuwa baridi.

"Usiniondokee kimya hivyo," alisema. "Hata sisi tulipocheza kadi kule reli, mtu akikaribia kumaliza lazima aseme niko kadi. Asiposema, hajashinda. Wewe ukimaliza, gonga meza."

Tangu siku hiyo nikimaliza niligonga meza mara moja, naye akagonga kunijibu. Hata akiinuka kwenda kulala aligonga kwanza, nami nikamjibu. Ikawa ndiyo desturi yetu.

Kisha siku moja nilitoka shule nikakuta kufuli mlangoni. Wanawe walikuwa wamempeleka asubuhi. Alimwachia Nyanya zile karata, zimefungwa kwenye leso, anipe. Niliumia sana. Mtu aliyenikataza kuondoka kimya alikuwa ameondoka kimya. Niliketi kizingitini pake, nikatoa karata moja, nikaificha. Haikutoa sauti hata kidogo. Sijawahi kuificha vizuri kama siku ile.

Ndani ya nyumba iliyofungwa, meza ikagongwa. Mara moja.

Mwiko wa Nyanya ulisimama. Alisema ni mbao, mbao hulia jua likipungua. Lakini alinijia haraka, akanishika mkono uliokuwa tayari umeinuka kujibu, akaniingiza ndani na kufunga mlango. Muthokoi uliungua jikoni. Nyanya yangu, aliyeokota hata punje iliyoanguka, aliuacha ukaungua.

Habari zilifika kesho yake. Mzee hakufika kwao. Alikata roho njiani, alasiri ile. Nyanya akasema, "Basi alikuja kukuaga."

Nyanya naye ameshaenda. Ua haupo, harufu ya muthokoi haipo, na stima ikipotea siku hizi jenereta hunguruma hadi huwezi kusikia moyo wako. Karata ninazo bado, zimelegea kama kitambaa, na kidole changu cha mwisho hakinyooki tena. Ila kilichoniuma miaka yote ni lile jibu ambalo sikulitoa.

Kwa hivyo, pale kwa kinyozi, nilinyoosha mkono nikagonga ukuta. Mara moja.

Kinyozi alizima mashine.

"Kumbe ni wewe hugonganga hii ukuta saa kumi?"

Nilikuwa sijakanyaga Umoja tangu tumzike Nyanya.

"Si mimi," nikamwambia. "Lakini akigonga tena, tafadhali mjibu."