Miaka Miwili Iliyopunguzwa

Siku ya mwisho ya uandikishaji wa wapiga kura, Mwalimu alikuwa amechoka hadi sauti. Mimi nilikaa upande wa mashine, nikipiga picha na kuchukua alama za vidole. Yeye alikaa upande wa fomu, ndani ya darasa lake mwenyewe, madawati yakiwa yamesukumiwa ukutani. Wiki nzima tulikuwa hivyo, tangu asubuhi hadi jioni. Miguu yangu ilikuwa imevimba, naye alikuwa amevua viatu chini ya meza akidhani sioni.

Kazi yake kubwa ilikuwa kuwarudisha watoto wa watu nyumbani. Sheria inataka uwe umetimiza miaka kumi na minane ifikapo siku ya kura, na vijana wa mtaa wetu wana ndevu za watu wazima na vyeti vya watoto. Si uchawi. Mtoto akifeli mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, mzazi humpunguzia miaka miwili, humtafutia cheti kipya cha kuzaliwa, kisha humpeleka shule nyingine akarudie darasa. Nyumba nyingi zimefanya hivyo, na hakuna anayefungua mdomo.

"Mimi nasoma karatasi, mwanangu, sisomi ndevu," Mwalimu aliwaambia. Halafu, kwa uvumilivu ambao mimi sikujaliwa, aliwaeleza njia iliyopo: mzazi aje ajaze fomu ya kiapo, aandike umri wa kweli na sababu ya cheti kukosewa. "Mwambie asaini tu. Hakuna atakayemla."

Wiki nzima walikuja wazazi wawili.

Ikiwa imebaki nusu saa tufunge, aliingia binti wa Mwalimu. Ndiye mtoto pekee aliye naye. Namjua tangu anabebwa mgongoni, kwa hiyo najua fika ana miaka kumi na tisa. Aliweka cheti mezani. Kilisema kumi na saba.

"Tulikubaliana ubaki nyumbani," Mwalimu alisema kwa sauti ya chini.

"Ulikubali wewe, mama. Mimi nilinyamaza."

Binti alichukua fomu ya kiapo kwenye rundo, akajaza sehemu yake hapo hapo akiwa amesimama, akaisogeza mbele ya mama yake. "Imebaki saini yako. Na sababu."

Hapo nilijifanya nafuta kioo cha mashine. Nilijua kinachomkaba rafiki yangu. Baada ya miaka ishirini na mbili ya kumeza vumbi la chaki, mwezi ujao alikuwa apewe ukuu wa shule hii. Fomu zile zinapelekwa ofisi ya wilaya, na ofisi hiyo hiyo ndiyo inayoteua. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia pia, kwa sababu wale wengine aliwaambia wasaini tu.

"Mama," binti alisema, "nilikaa miaka miwili na watoto wadogo, wananicheka kwa urefu wangu. Ukaniambia nivumilie, nitakuja kuifaidi mbele. Mbele yenyewe ndiyo hii."

Mwalimu alishika kalamu. Aliandika jina lake, akaandika kazi yake, akafika kwenye mstari wa sababu. Kalamu ikakaa pale. Watu kwenye foleni walianza kuguna. Nami moyoni nikawa namsukuma: andika, dada, andika yaishe.

Akaikunja fomu mara mbili na kuitia kwenye mkoba wake.

"Uchaguzi mwingine utakuja, mama," Mwalimu alimwambia binti yake, bila kuinua macho.

Binti alichukua cheti chake. Hakulia, wala hakupaza sauti. "Sawa, mwalimu," alisema, akatoka.

Mtaa mzima humwita hivyo. Binti yake hajawahi kumwita hivyo, hata darasani.

Nilimsubiri Mwalimu aite anayefuata. Hakuweza, nikaita mimi.