Kioo cha Asmaa Kilitoka Wapi

Mimi ni Kivuti, fundi wa simu, saa na redio hapa Meru mjini. Kama hujanisikia basi simu yako haijawahi kuharibika. Shule niliachia darasa la sita, na si kwa ujinga, mwalimu alikuwa amemaliza ya kunifundisha. Mimi ni mtu wa Embu. Wameru wananivumilia tu kwa sababu hakuna mwingine wa kufungua simu bila kuipasua. Lakini leo wacha nijisifu kidogo tu, ndio nipate nafasi ya kuwaambia habari ya mama Rahim.

Jina lake ni Asmaa, mwenye bucha kule Majengo. Ana miaka hamsini na mbili, mrefu, mwembamba, akishika kisu hata nyama inajikata yenyewe kwa woga. Bwanake alipokufa watu walisema hiyo bucha itafungwa, mwanamke hawezi kubeba mguu wa ng'ombe. Akaubeba, na wao wakapanga laini kununua. Kila asubuhi akipita kwangu ananiuliza, "Kivuti, leo umeoga?" Na mimi namuuliza, "Mama Rahim, leo unauza mbuzi ama paka wa jirani?" Miaka kumi na moja hiyo ndiyo salamu yetu.

Basi siku moja mwezi wa tatu akaja, kuoga hakuuliza. Akaweka kitu kwa meza yangu. Kitu kidogo kama kidole gumba, cheusi, kioo mbele, kioo nyuma, na chini kimguu cha chuma, bapa.

"Hii ilitoka wapi?" akaniuliza.

"Si wewe ndio umekuja nayo?"

"Kivuti, leo sitaki mchezo."

Akakaa kwa stuli ya wateja, akaniambia. Babake alikuwa Abubakar, mpiga picha. Wazee wa Meru wanamkumbuka. Akiitwa harusi alikuwa anaingia kwanza bila kamera, na hicho kitu kwa jicho, anapanga watu. "Shangazi, songa. Wewe mwenye kofia, kaa chini." Filamu ilikuwa picha thelathini na sita tu, hakuna ya kuharibu. Akishaona wote wameingia kwa kioo ndio anaenda kuchukua kamera. Alipokufa, ndugu zake waliuza kamera. Hicho kioo kikabaki kwa Asmaa, kwa sababu babake alikuwa amemwambia neno moja: "Hii ilikuwa ya mama yako."

Na mamake alikufa Asmaa akiwa hata hajaanza kuongea. Jina alijua, Cicily. Kwao wapi, hakuambiwa. Mzee akiulizwa alikuwa anatoka nje. Picha za mama zilikuwa kwa boksi moja studio, paa likavuja, zikashikana zikawa kama mkate. Fikiria hiyo. Mtu amepiga picha nusu ya Meru, na mtoto wake hajui sura ya mamake.

"Nikijua kioo kilitoka wapi," akasema, "nitajua mama alitoka wapi. Sina kitu kingine cha kuuliza."

Sasa mtu mwenye akili angesema, sijui, ngoja nitafute. Lakini mimi na huu mdomo! Nikakiinua kwa jicho, nikafunga lingine, nikatangaza watu wote wa hiyo laini wasikie: "Hii ni ya bunduki! Ya kulenga! Mama Rahim, mamako alikuwa na askari wa mzungu!"

Watu wakacheka. Yeye akachukua kioo chake akaenda. Bucha haikufunguliwa siku mbili. Siku ya tatu nilienda mwenyewe, nimeoga, nikamkuta anaosha meza ambayo haikuwa chafu.

"Mama yangu alikuwa wa askari gani, Kivuti?"

"Mama Rahim, nilikuwa nabahatisha."

"Mimi nimekuwa nahesabu maaskari tangu juzi."

Nilisikia vibaya, na mimi si mtu wa kusikia vibaya. Nikamwomba kioo, nikakipiga picha kila upande, nikaweka kwa grupu moja ya watu wa kamera za zamani huko kwa intaneti. Kizungu changu ni kama gari ya breki moja, lakini hufika. Mzee mmoja akajibu. Akasema si ya bunduki. Ni kioo cha kuchungulia, cha kuongezea. Kinaingia kwa mfereji ulio juu ya kamera, mtu akiweka lenzi pana aone ni nini itaingia kwa picha. Akaniambia niangalie pembeni na lenzi ya kuongeza ukubwa. Kweli, maandishi yalikuwa yamelika, lakini yakasomeka: 3.5, kipimo cha lenzi, na Japan. Ya miaka ya hamsini, akasema. Lakini kulikuwa na alama imekwaruzwa chini ya mguu, kama panda ya mti na vitone vitatu. Hiyo hakuijua. Mwingine akasema ni ya stoo ya jeshi. Mwingine, ni ya mkaguzi wa kiwanda. Wakaanza kutukanana huko wenyewe kwa heshima.

Nikampelekea Asmaa habari nikiwa na kifua mbele. "Japani!"

"Mama yangu hakuwa Mjapani," akasema. "Ilifikaje kwa mkono wake?"

Hapo kifua kikarudi.

Jibu halikutoka kwa intaneti. Lilitoka kwa Gatakaa, anayeuza miraa mlango wa pili kutoka kwangu. Alikuja kuchaji simu, akaona hiyo alama imejaa kwa skrini yangu.

"Kwani wewe Muembu unatafuta nini na gunia la mzee Salesio?"

"Gunia gani? Hiyo ni ya kiwanda, Japani."

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Japani ya Mikinduri! Wazee wetu hawakujua kusoma. Magunia yalikuwa yanachanganyika kwa gari, kila mtu na alama yake. Hii panda na vitone tatu ni ya Salesio. Aliweka kwa panga, kwa sufuria, hata kwa sikio la mbuzi. Mama yangu alikuwa anafunga miraa kwake."

Nilikimbia mpaka bucha. Mimi, na hili tumbo. Asmaa aliposikia alivua aproni, akamwambia Rahim ashike kisu, na tukapanda gari ya Mikinduri.

Salesio alikufa kitambo. Tulimkuta bintiye mdogo, Karambu, nyanya wa miaka sabini hivi, anachambua maharagwe nje. Asmaa alimpa kioo tu. Nyanya akakigeuza, akapapasa chini na kidole gumba, akamwangalia Asmaa.

"Tuliambiwa mtoto alikufa pamoja naye," akasema.

Basi akatuambia. Salesio alipewa hicho kioo na Mhindi mmoja wa Isiolo, rafiki yake wa miraa. Salesio akawa anachungulia nacho shamba lake kama mfalme. Abubakar akija Mikinduri siku za soko kupiga picha, akakiona, akajua kinafaa kamera yake. Akaomba. Akanyimwa. Akarudi soko la pili, la tatu, akanyimwa. Cicily, dada mkubwa wa Karambu, ndiye alikuwa anampa maji. Soko la nne Cicily hakuonekana, na kioo hakikuonekana.

"Baba alisema, nirudishiwe kioo changu," Karambu akasema. "Msichana hakumtaja hata mara moja. Lakini kila siku ya soko alikuwa anaenda kukaa barabarani, anaangalia wanaoshuka kwa gari. Mpaka miguu ikakataa."

Asmaa akauliza, "Alikuwa anafanana aje, mama mdogo?"

"Simama." Akasimama. "Lalisha kichwa. Hapana, huku. Hiyo shingo ni ya Cicily. Kicheko najua kukifanya, tulikuwa tunalala kitanda kimoja." Na nyanya akacheka kicheko cha msichana, kinapanda halafu kinakatika ghafla. Kuku wakakimbia.

Tukiaga, Asmaa akasema, "Babu alitaka kirudi." Akamwachia kioo. Mimi nilijua nyanya atakataa. Kwetu Embu tungekataa mara tatu kabla ya kupokea. Karambu alikifunga kwa pindo la leso, akamshika Asmaa mkono, akasema, "Uje Alhamisi."

Tulingoja gari kando ya barabara. Nikatafuta utani, nikakosa. Mimi!

"Kivuti," akasema, "wewe unajua kuiga watu. Alicheka aje?"

Nikajaribu. Watu wa ndizi wakageuka kutuangalia.

"Hapana. Kilipanda zaidi."

Nikarudia.

"Sasa umekikata mapema. Tena."

Gari ilikuja, ikajaa, ikaenda. Nikarudia.