Propela Ndani ya Chumba cha Eda

Kijiji chetu kilipohamishiwa barabarani, nyumba moja tu ilibaki mtoni, nayo ilikuwa yetu. Wenzetu waling'oa milango na madirisha wakavipakia kwenye lori, mapaa ya nyasi wakayaacha, wakaenda kuanza upya kwenye viwanja vilivyopimwa kwa kamba kando ya barabara ya Korogwe. Lakini mashamba yao ya mahindi na migomba yalikuwa ng'ambo ya mto Pangani, na shamba halipakiwi kwenye lori. Ndipo kijiji kikapewa boti ya mbao yenye injini ya kufunga nyuma, watu wavushwe asubuhi na kurudishwa jioni. Mume wangu, ambaye zamani alikuwa fundi wa mitambo kwenye shamba la mkonge, akakabidhiwa kazi hiyo. Injini ilihitaji mlinzi, kwa hiyo tukabaki sisi wawili katikati ya kuta zilizokuwa zinaanguka.

Mimi ni mzaliwa wa Sindeni, kwenye nchi kavu. Kabla ya kuolewa sikuwa nimeona maji mengi kuliko ya lambo. Hatukujaliwa mtoto. Mchana, watu wakiwa mashambani, hapakuwa na sauti pale isipokuwa ya mto na ya mume wangu akiniambia, "Nipe spana. Si hiyo, mke wangu, ile ndogo." Nilimpa. Baada ya muda nikawa nampa kabla hajataja.

Aliipenda sana propela, yale mapanga matatu yanayosukuma maji. Alisema injini inaweza kunguruma kama simba, lakini bila propela nzima ni kelele tu. Akitaka kuifungua, kwanza alichomoa waya wa plagi. "Waya ukiwa kwenye plagi, vidole si vyako," aliniambia. Halafu ananyoosha pini ndogo inayozuia nati, anaivuta, anafungua nati, anaitoa propela taratibu. Chini yake, katikati ya shimo la mhimili, kuna pini nyingine ya shaba. Hiyo imewekwa ikatike. Propela ikigonga kisiki, pini inakatika ili gia ndani zisivunjike. Alikuwa na pini za akiba kwenye kopo la maziwa.

Masika yale alishikwa na homa. Barabara ilikuwa matope matupu, lori halipiti. Wanaume walimbeba kwa kitanda kuelekea hospitali ya Korogwe, nami nyuma yao, na kabla hatujafika aliyekuwa mbele akasimama akasema, "Tumshusheni." Walimshusha. Alizikwa kwenye makaburi ya kijiji kipya, mahali ambapo hakuwahi kulala hata siku moja.

Mama mkwe alitaka nikae eda kwake. Nikamwambia nitakaa aliponiacha mwanawe. Alilala nami siku za mwanzo, kisha akarudi kwenye kuku wake, na jamaa wakawa wananiletea chakula na maji, wanayaweka mlangoni na kuondoka kabla jua halijashuka. Watu waliogopa mahame yetu.

Wakati huo kijana mmoja wa kijijini alijaribu kuendesha boti. Aligonga kisiki. Siku hiyohiyo yeye na wenzake waliifungua injini, wakaja nayo hadi mlangoni kwangu, wakaniitia kutoka nje, "Mama, tunaiweka hapa ndani, huko nje itaibiwa." Nikajifunika, wakaiegemeza ukutani, wakatoka.

Nilikaa nayo. Siku kadhaa niliitazama tu. Ilinuka petroli na grisi, harufu ya mikono yake, na kuna nyakati nilihisi yupo uani ananawa. Asubuhi moja nikachomoa waya wa plagi. Nikafungua nati. Pini ya shaba ilikuwa imekatika vipande vitatu, na panga moja la propela limepinda ncha na kuchanika. Nililinyoosha kwa nyundo juu ya kipande cha gogo, nikigonga kidogo kidogo, kisha nikalisugua kwa tupa hadi likafanana na wenzake. Nilifungua skrubu ya chini nikaangalia oili ya gia. Ingekuwa nyeupe kama uji, maji yangekuwa yameingia. Ilikuwa nyeusi, safi. Nikapaka mhimili grisi, nikatia pini mpya, nikarudisha kila kitu. Kesho yake nikaifungua tena. Haikuwa na ubovu. Sikuwa na mtu wa kusema naye.

Eda ilipokwisha, mwenyekiti wa kijiji alikuja.

"Mama, tumeomba dereva, tumeambiwa tusubiri," alisema. "Mahindi yanaliwa na ngedere."

"Shikamoo, mwenyekiti. Nitaendesha mimi."

"Marahaba," akajibu, na hilo ndilo lililokuwa jibu lake lote.

Siku za kwanza wanaume walipanda wakakaa wameshika kingo za boti. Baadaye walizoea, wakarudi kwenye mazungumzo yao ya mbegu na mikutano. Hawakunisemesha. Walishuka ng'ambo, nami nikabaki botini hadi jioni nikiwasikia kwa mbali wakiitana kwa Kizigua kutoka shamba hadi shamba.

Jioni moja ya mavuno nilikuwa nimebeba wanawake na magunia, mama mkwe akiwa karibu yangu kule nyuma. Katikati ya mto injini ililia kwa sauti kubwa, lakini boti ikasimama, kisha ikaanza kuchukuliwa na maji. Nikazima. Nilijua ni pini.

"Shikeni pondo!" nikawaambia. "Tusukumeni kwenye yale matete."

Wawili walisukuma, mmoja akakamata matete akafunga kamba. Kule kuna mamba, kwa hiyo kushuka hakukuwezekana. Niliinua injini, nikachomoa waya wa plagi, nikainama juu ya maji. Mhimili ulikuwa umezungukwa na nyuzi za katani, taka za kiwanda cha mkonge cha juu ya mto, zimejikaza kama kamba ya kufungia mbuzi. Nilizikata kwa kisu. Kisha nikashika pini ndogo inayozuia nati, vidole vimejaa grisi. Ikidondoka, tumekwisha.

Mama mkwe alivua kanga ya begani. Aliinama upande wa pili, akaitandaza chini ya mikono yangu, akashika pembe zake kwa vidole na kwa meno. Pini ya kuzuia ikaanguka humo. Nati nayo ikaanguka humo. Nikavuta propela, nikatia pini mpya ya shaba, nikaokota vile vitu kutoka kwenye kanga yake kimoja kimoja, nikafunga.

Alipoachia kanga mdomoni aliniuliza, "Ni yeye aliyekufundisha?"

"Ndiyo, mama."

"Kwangu hakuwahi kusema lolote kuhusu mashine," alisema, akageuza uso kwenye maji. Wanawake wengine walijifanya wanapanga magunia.

Tulifika salama. Gatini alinishika mkono akasema, "Njoo tukae wote." Nikamwambia injini haina mlinzi.

Niliendesha boti ile kwa misimu mingine, hadi petroli ilipokuwa haipatikani nchini. Boti ilikaa gatini ikajaa maji ya mvua, watu wakalima mashamba mapya karibu na barabara, na lori likaja kuichukua injini. Nikafunga virago. Sikuwa tena na sababu ya kukaa mtoni.

Mama mkwe alinipokea. Tuliishi pamoja hadi alipofariki, tukila sinia moja. Habari za mume wangu hatukuzizungumza sana. Yeye alimjua mtoto, mimi nilimjua mwanamume, na kila mmoja alikaa na wake.