Kimio Changu

Nikikumbuka, damu bado inanichemka. Wifi yangu alimleta mzee anayekata vimio hadi sebuleni kwangu Kilibula, eti kukoroma kwangu kunamnyima kaka yake usingizi. Alitaka nikatwe kimio, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Nikawafukuza wote wawili.

Nilivuka mpaka pale Kavimvira, nikaenda kwa daktari wa koo upande wa Burundi. Alinimulika mdomoni. "Mama, hapa kimio haiko."

Baadaye ndugu zangu waliniambia kumbe nilikatwa nikiwa mchanga, kwa sababu ya kikohozi tu, kama watoto wote wa nyumba yetu. Wakati ule pia hakuna aliyeniuliza!

Daktari alieleza kwamba wengine wanaokoroma hunyooshwa mfupa wa pua, wengine hupunguzwa nyama laini ya kaakaa, ingawa huo upasuaji una maumivu makali na kukoroma huweza kurudi. Kwangu mimi kilichoziba njia ni mafindofindo, na hayo yanaweza kutolewa.

Nilirudi nikawaeleza mume wangu na wifi. Wifi akacheka. "Walikukata mubaya. Kimeota tena."

Nikamvuta hadi mlangoni penye mwanga, nikapanua mdomo mbele ya macho yake. "Angalia! Iko wapi?"

Alichungulia muda mrefu. Nikadhani amenielewa. Mjukuu wangu, niliyekuwa nimembeba mgongoni, akakohoa. Wifi akanyoosha mikono.

"Basi leta huyu. Muzee iko inje."

Nikakaza kitenge, nikamtoa nje, nikamfungia mlango.