Haidrojeni Chini ya Kajiado

Nimechoka kuulizwa kama kuna maji. Kazi yangu ni kushusha chombo cha nyutroni ndani ya visima vipya vya Kajiado, na jibu langu la kweli huwa ni lile lile: huenda. Sijawahi kuona mtu akishangilia huenda.

Nyutroni haina chaji, kwa hiyo hupenya chuma na mwamba kama mbuzi apitaye kwenye ua mbovu. Ila kila kiini cha atomu ni shabaha mbele yake, na upana wa shabaha hiyo haufuati ukubwa wa kiini. Ni kipimo cha uwezekano wa kugongana. Haidrojeni, ndogo kuliko zote, ina shabaha pana ajabu, na hakuna kiini kinachoipunguzia nyutroni kasi kama chake. Penye maji haidrojeni ni tele, nyutroni chache hurudi kwenye chombo, na namba kwenye kompyuta hushuka. Wanafizikia waliupa upana huo kipimo, wakakiita ghala, kwa mzaha kwamba shabaha pana kama ghala haikosekani. Walikuwa na nafasi ya mizaha.

Siku hiyo niliondoka Kitengela bila kuoga kwa sababu mfereji ulikuwa mkavu. Mbele ya mji wa Kajiado, mjane mmoja alikuwa ameuza ng'ombe waliomsalia baada ya kiangazi ili achimbiwe kisima. Majirani walikuwa wametangulia, kama kawaida ya huko, kupanga foleni ya mitungi mitupu ya plastiki, kila mmoja na jiwe juu yake usipeperushwe na upepo.

Nilipokishusha chombo kisimani, wanawake walisimama nyuma yangu wakiitazama kompyuta. Namba ikaanza kushuka. Mjane akajifunika uso kwa shuka.

Mchimbaji wetu akacheka, akamwita mama kwa Kimaasai. "Yeiyo, usilie! Ikishuka ndio poa. Maji iko!"

Wakaanza kuimba. Mmoja akachovya nyasi kwenye maziwa akaurashia mtambo wa kuchimbia baraka. Nilimkasirikia sana yule mchimbaji. Udongo wa mfinyanzi nao umejaa haidrojeni. Hushika maji na hauyaachii, na nyutroni haijui tofauti. Nikainua mkono, nikawaambia ni huenda tu.

"Mwanangu," mjane akaniambia, "sema moja. Iko ama haiko?"

"Yeiyo, iko kitu inafanana na maji. Tupulize kwanza."

"Basi puliza."

Tulipuliza hewa ya kompresa kisimani hadi alasiri. Yalitoka matope mazito ya kijivu, kisha machache, kisha upepo mtupu. Ulikuwa udongo. Nyimbo zilikuwa zimekwisha bila mtu kuzikatiza. Niliona uchungu, na juu ya uchungu nikaona usingizi.

Kuchimba maji kunahitaji maji, na tangi la lori letu lilikuwa bado na kiasi tulichonunua Kitengela. Mchimbaji alilifungua aoshe vyuma. Mjane akauondoa mtungi wake kwenye foleni, akaweka jiwe kando, akaukinga. Mchimbaji aliacha kuosha. Wengine wakafuata, kila mtu kwa zamu yake, bila kusukumana, mpaka tangi likaisha.

"Asante, mwanangu," mjane akasema akijitwika. "Leo hatukuenda mbali kuteka maji. Na kesho mtarudi?"

Mtambo ulikuwa umeshapakiwa, na kesho tulikuwa na kazi Magadi.

"Huenda," nikamwambia.