Kuku wa Mama na Banda la Chuma

Mama yangu alikuja kukaa kwetu Kikuyu, hapa Dodoma mjini, mwezi wa nane, miguu imevimba hadi viatu vyake akavibeba mkononi. Daktari wa Mpwapwa alikuwa amesema moyo wake umechoka, na kwamba inabidi ahudhurie kliniki ya hospitali kubwa kila baada ya wiki mbili. Nikaenda kumchukua kijijini, upande wa Gulwe. Alikubali kuiacha nyumba, shamba na kanisa lake bila kubisha. Kitu kimoja tu alichokataa kukiacha ni kuku.

"Nikiwaacha hawa, nani atawajua?" aliniuliza.

Walikuwa mitetea sita na jogoo mmoja, wote vishingo, wale kuku wasio na manyoya shingoni. Mbegu yao alipewa na mama yake alipoolewa. Kijijini walilala naye ndani ya nyumba yetu ya tembe, kwenye kona yao, chini ya dari la udongo. Sisi watoto tulikua tukiamshwa na majogoo wa ukoo huohuo. Nikawafunga miguu, tukapanda nao basi, na njia nzima mama aliweka kiganja juu ya tenga lao.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Natengeneza mageti na madirisha ya chuma, na kazi yangu watu wanaisifia. Wiki ya kwanza kicheche aliingia kwenye kibanda cha mabanzi nilichowaweka kuku kwa muda, akachukua mtetea mmoja. Asubuhi mama aliokota manyoya uani, moja moja, akayatia kwenye mfuko wa kitenge. Hakulalamika. Lakini mimi niliona aibu, nikasema nitamjengea kuku wake banda ambalo hata mwizi mwenye tindo hataliweza.

Nikajenga kwa kile nilichokijua. Fremu ya chuma, mabati pande zote nne na juu, mlango wenye makomeo mawili, na vitundu vichache nilivyotoboa kwa drili karibu na sakafu. Nilipomaliza nikalipaka rangi ya kijani. Majirani walikuja kulitazama. Mama naye akatolewa kiti, akalizunguka polepole akiwa ameshika ukuta, kisha akaketi.

"Ni zuri, baba," alisema. Alikuwa akiniita hivyo kwa sababu nimerithi jina la baba yake. "Upepo wao unaingilia wapi?"

"Mama, hapa hata panya haingii."

"Nakuuliza upepo."

Nikamwonyesha vile vitundu. Akavitazama kwa muda, akasema, "Haya. Wewe ndiye fundi."

Mke wangu naye aliniambia mara mbili kwamba asubuhi akifungua mlango harufu ya mbolea inamchoma macho. Nikamjibu afanye usafi zaidi. Mchana kuku walishinda uani, kwa hiyo mimi sikuona tatizo.

Siku yenyewe ilikuwa ya kliniki, mwezi wa kumi, wakati ambao Dodoma jua linawaka tangu saa tatu asubuhi na upepo unaleta vumbi tu. Mke wangu alimpeleka mama hospitali. Mimi nilikuwa na geti la kufunga nje ya mji. Kwa vile nyumbani hapabaki mtu, na jirani alikuwa ameibiwa bata wiki hiyo, nikasema kuku wasifunguliwe. Nikawawekea maji na pumba, nikafunga makomeo yote mawili. Niliondoka nimeridhika kabisa.

Niliwatangulia kurudi, saa tisa alasiri. Nilipogusa komeo likaniunguza vidole. Nikafungua. Joto lililotoka mle lilinipiga usoni kama la tanuri lililofunguliwa. Wote sita walikuwa wamelala chini, midomo wazi, mabawa yameachana na mwili. Watatu walikuwa wamesongamana kwenye vile vitundu vya chini, vichwa vimeelekea nje. Sufuria la maji lilikuwa tupu. Niliwatoa mmoja mmoja nikawamwagia maji, nikampepea jogoo kwa kipande cha boksi, mpaka nikajua nampepea kuku aliyekufa zamani.

Sikupata muda wa kuwaficha. Mama aliingia getini akiwa ameegemea bega la mke wangu, akawaona wamepangwa kivulini. Alitembea hadi kwenye banda, akaweka kiganja kwenye bati, akakiondoa haraka. Kisha akainama kwa shida, akayafumba macho ya jogoo kwa kidole gumba.

"Mama, nisamehe," nilisema.

"Kuku ni kuku, baba," alinijibu. "Nisaidie kuinuka."

Hakula jioni hiyo. Kesho yake alisema ni dawa zinamtia kichefuchefu.

Nililibomoa lile banda. Nikamwomba afisa mifugo wa kata aje, dada mdogo tu, umri wa kuwa mtoto wangu. Alimwamkia mama shikamoo, akapiga magoti kumsikiliza, kisha tukapima uwanja. Aliniambia banda lilale mashariki kwa magharibi ili jua la asubuhi na la jioni lipige zile kuta fupi tu. Ukuta mfupi wa mashariki uzibwe kabisa, maana huko ndiko upepo wa vumbi unakotoka. Kuta ndefu zijengwe tofali hadi magotini, juu yake wavu mtupu. Wavu wenyewe uwe na matundu ambayo kidole hakipiti, na msingi ushuke chini kwa mawe ili kicheche asichimbe. Bati liinuliwe, iachwe nafasi chini yake hewa moto itoke, na kila pengo lizibwe kwa wavu uleule.

"Kuku hafi kwa kukosa ukuta, kaka," alisema akinitazama kwa upole. "Wengi wanakufa kwa kukosa hewa."

Mama alikuwa ameketi mlangoni, anasikia. Ndipo akasema juu ya bati ziwekwe nyasi, kama hatuwezi udongo. Afisa mifugo akasema bibi yuko sahihi. Hilo tu ndilo mama alilochangia, nami nilizifuata nyasi mwenyewe mbali, nikazipanga mwenyewe.

Lilikuwa banda zuri. Ukiingia saa saba mchana unasikia upepo ukipita shingoni. Nilinunua mitetea ya kienyeji sokoni, na wawili walikuwa vishingo. Nilimletea mama mmoja ampakate. Akampokea, akampapasa mgongo, akanirudishia.

"Wanapendeza kuku wenu," alisema.

Wenu. Tangu siku hiyo aliwaita hivyo. Alikuwa anamkumbusha mke wangu kuwapa maji kuku wetu, anauliza kama kuku wetu wametaga, kwa adabu, kama mgeni anayeulizia watoto wa mwenyeji wake. Hakuwatupia punje hata siku moja. Kiti chake alikihamishia upande wa mbele wa nyumba, unaoelekea barabarani.

Alifariki mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimechanganya. Tulimzika kijijini.

Baada ya mavuno nilirudi kuangalia nyumba. Lakini shida yangu kubwa ilikuwa nyingine. Nilikumbuka kwamba miaka ya nyuma mama alimpa jirani yake, mwanamke wa rika lake, mtetea wa mbegu ile. Nilitaka kumwomba hata vifaranga wawili. Nilimkuta akibangua karanga kivulini, ungo mbele yake. Nikamwamkia, tukapeana pole upya, na kabla sijasema haja yangu akaniwahi.

"Mwanangu, ugonjwa wa kideri ulipita hapa, umenimalizia wote. Nilikuwa nangoja uje. Nipe mmoja tu wa kuku wa mama yako, mbegu isipotee."

Akaendelea, "Krismasi alinipigia simu. Akasema umewajengea nyumba ya chuma, ya kijani, huku kwetu hakuna mtu mwenye banda kama lile. Akasema wanataga vizuri."

Krismasi. Walikuwa wamekufa miezi miwili kabla.

Nikamweleza yote, tangu vitundu hadi komeo. Aliacha kubangua. Nilipomaliza akanitazama, akatazama pale nyumba ya mama inapoonekana.

"Hakuniambia," alisema.

"Najua, mama."

Akavuta ungo ukakaa katikati yetu, akaanza tena kazi. Nami nikachukua karanga, nikabangua pamoja naye mpaka ungo ukajaa.